Apdeti Inakula Bando Yangu ya Nini? Safari ya Hitilafu Moja Hadi Simu ya Maua

Katika mafunzo ya wateja tuliyofanya Embu na Meru, swali lililorudi mara nyingi kuliko yote halikuhusu ada wala PIN. Lilikuwa hili: "Hii simu kila mara inaniambia nifanye apdeti. Nikifanya, bando inaisha. Nisipofanya, simu inaendelea kufanya kazi vilevile. Sasa inakula bando yangu ya nini?"

Ni swali la haki. Mama anayeuza ndizi Gakoromone, au kijana wa miraa kule Maua anayesubiri malipo yaingie kabla gari halijaondoka kwenda Nairobi, hana megabaiti za kuchezea. Jibu fupi ni kwamba apdeti nyingi haziji kukuletea urembo mpya kwenye skrini. Zinakuja kuziba matundu. Jibu refu ndilo somo la leo, na tunakuomba uvumilie kidogo kwa sababu linaanzia mbali kabla halijafika kwenye simu yako.

Kilichomo ndani ya simu

Ukiacha iPhone na zile simu za vibonyezo, simu nyingi mno mikononi mwa wateja wetu zinatumia mfumo endeshi wa Android. Mfumo endeshi ndio msimamizi wa kila kitu ndani ya simu: unagawa kumbukumbu, unaamua apu gani iguse kamera, gani isome ujumbe wako mfupi, gani ikae mbali. Android nayo imejengwa juu ya kiini kinachoitwa Linux, ambacho Linus Torvalds alikitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni mwaka 2008.

Linux ni programu huria. Maana yake maandishi yote yanayoiunda yako wazi, na mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyachukua, kuyabadilisha na kupendekeza marekebisho. Si siri ya kampuni moja.

Kama wewe ni mwanachama wa ushirika wa kahawa kule Runyenjes au Kianjokoma, utaelewa hili haraka. Vitabu vya hesabu ni vya wanachama, na una haki ya kuviuliza. Lakini siku ya mkutano mkuu, ni wangapi wanaofungua ukurasa baada ya ukurasa? Wengi wetu tunataka kusikia bei ya kilo ni ngapi, basi, tunaenda nyumbani. Linux ina zaidi ya mistari milioni 30 ya maandishi ya programu. Uwazi unampa kila mtu haki ya kusoma, ila haumlazimishi mtu yeyote kusoma. Hapo ndipo hitilafu zinapojificha, wakati mwingine kwa miaka mingi.

Ng'ombe aliyekaa zizini miaka tisa

Kuna hitilafu moja tunayopenda kuitumia kufundishia, kwanza kwa sababu ya jina lake. Iliitwa Dirty COW, yaani ng'ombe mchafu. Watu wa maziwa, msikasirike: herufi hizo tatu ni kifupi cha mbinu ya kunakili kumbukumbu, na zikisomwa pamoja zinaleta neno la Kiingereza la ng'ombe.

Mbinu yenyewe ni ya akili. Chukua duka lenye daftari moja la madeni. Watu wengi wanaruhusiwa kulisoma, hakuna anayeruhusiwa kuliandika. Mtu akisema anataka kuandika kitu, mwenye duka hampi daftari. Anamtolea kopi ya ukurasa ule, aandike huko anavyotaka. Daftari lenyewe linabaki safi. Ndivyo Linux inavyofanya kwa kumbukumbu inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na inaokoa nafasi sana.

Sasa tatizo. Tuseme mteja mmoja ana mikono miwili yenye kasi. Mkono mmoja unaomba kuandika, tena na tena. Mkono wa pili unaitupa kopi kila inapotolewa. Kati ya kutoa kopi na kuandika kuna kitambo kidogo sana, na ukirudia mara elfu nyingi, kuna mara moja ambapo mwenye duka anachanganyikiwa na kukukabidhi daftari lenyewe. Ukishaandika kwenye daftari lenyewe, umefuta deni lako na kumwongezea jirani. Ndani ya simu, apu ndogo isiyo na ruhusa yoyote inaweza kwa njia hiyo kubadilisha faili za mfumo na kujifanya mwenye simu.

Hitilafu hiyo ilikuwa ndani ya Linux tangu toleo la mwaka 2007. Ilijulikana hadharani Oktoba 2016. Miaka tisa ilikaa wazi mbele ya macho ya kila mtu. Aliyeigundua, Phil Oester, hakuipata kwa kusoma ile mistari mamilioni. Aliipata akichunguza kompyuta iliyokuwa imeshashambuliwa, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kuhifadhi kumbukumbu za mawasiliano yaliyoingia. Yaani wezi walikuwa wameliona tundu kabla ya mafundi.

Na hapa pana jambo ambalo sisi tunaona ni zito kuliko yote. Torvalds mwenyewe, alipotoa kiraka cha kuziba tundu hilo, alieleza kwamba alishajaribu kulirekebisha miaka 11 nyuma. Rekebisho lile likaondolewa kwa sababu lilileta matatizo kwenye aina fulani ya kompyuta kubwa za IBM. Wakati ule hatari ilionekana ya nadharia tu, kitu kisichoweza kutokea kirahisi. Miaka ikapita, kompyuta zikabadilika, na kitu cha nadharia kikawa rahisi kutokea. Fundi yeyote wa nyumba anaijua hali hiyo. Unaziba bomba la jikoni, maji yanatokea sebuleni, unaondoa kiraka ili watu walale, na unajiambia utarudi.

Kilichotokea baada ya kiraka

Ungedhani hadithi inaishia Oktoba 2016. Kiraka kilitoka, na Google ikakiweka kwenye taarifa zake za usalama wa Android kabla mwaka haujaisha. Lakini kiraka kilichotoka si kiraka kilichofika.

Septemba 2017, karibu mwaka mzima baadaye, kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza kwamba imepata programu hasidi iliyopewa jina ZNIU, ya kwanza kwenye Android kutumia tundu la Dirty COW. Ilijificha ndani ya zaidi ya apu 1,200, nyingi zikiwa za michezo na za picha za ngono, na ilipatikana katika nchi zaidi ya 40, wengi wa walioathirika wakiwa China na India. Apu hizo hazikuwa kwenye duka rasmi la Google. Watu walizipakua kutoka tovuti za pembeni.

Ilifanya nini? Ikishaingia, ilijipa mamlaka ya mwenye simu, kisha kwa wateja wa mitandao ya China ilituma ujumbe mfupi wa malipo kwa niaba yake, kupitia huduma ya malipo ya mtandao wa simu. Kiasi kilikuwa kidogo, kama yuani 20 kwa mwezi, ili mtu asishtuke. Halafu ilifuta ujumbe ule ili usionekane.

Tafadhali soma tena sentensi hizo. Malipo kwa ujumbe mfupi. Kiasi kidogo. Ujumbe kufutwa. Mbinu ile ilitengenezwa kwa mitandao ya China, haikuja hapa kuchukua pesa za mtu wa Nkubu. Lakini wewe na sisi tunaishi katika nchi ambayo tangu Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, pesa na ujumbe mfupi vimekuwa kitu kimoja. Ndiyo maana hatuchukulii hitilafu za Linux kama mambo ya wazungu na kompyuta zao.

Kwa nini kiraka kinachelewa njiani

Fuata safari ya kiraka kama unavyofuata gunia. Kinaanzia kwa wanaotunza Linux. Kinachukuliwa na Google kwa ajili ya Android. Kutoka hapo kinaenda kwa mtengenezaji wa chipu, maana kila chipu ina nyongeza zake. Kisha kwa kampuni ya simu, ambayo ina matoleo mengi, kila moja na mabadiliko yake. Lazima wajaribu kwanza, wasije wakaharibu kamera au laini ya pili. Ndipo kinatumwa kwako, na wewe unaangalia bando, unabonyeza "baadaye".

Kila kituo kina gharama yake, na kampuni inayouza simu ya bei nafuu kwa faida ndogo haina haraka ya kutumia pesa kwa simu iliyouzwa miaka mitatu iliyopita. Hatusemi ni ubaya. Ni hesabu tu, lakini ni hesabu inayomwangukia mteja wa kipato cha chini.

Jitihada zimefanyika. Mwaka 2015 iligunduliwa hitilafu iliyoitwa Stagefright, ambapo ujumbe wa picha au video peke yake ungeweza kumfungulia mshambuliaji mlango wa simu, na ilikadiriwa kwamba simu milioni 950 zilikuwa hatarini. Baada ya hapo Google ikaanza kutoa taarifa za usalama kila mwezi. Mwaka 2017 ikaipanga Android upya ili sehemu ya chipu na sehemu ya mfumo zitenganishwe, na mwaka 2019 ikaanza kupeleka baadhi ya marekebisho moja kwa moja kupitia Google Play bila kusubiri kampuni ya simu. Imesaidia, ila kiini chenyewe bado kinapitia njia ile ndefu.

Mafundi nao huchoka

Watu hufikiri kuna ofisi kubwa mahali fulani inayopokea hitilafu zote na kuzimaliza. Hakuna. Kuna waajiriwa wa kampuni mbalimbali, kuna wanaojitolea usiku baada ya kazi, na kila sehemu ya mfumo ina mlezi wake. Ripoti ni nyingi kuliko mikono. Google ina roboti inayoijaribu Linux usiku na mchana na kutuma hitilafu inazozipata. Roboti haichoki, anayepokea anachoka. Nyingine ni hitilafu ileile imeletwa mara kumi na watu kumi. Nyingine haina maelezo ya kutosha, na fundi hawezi kurekebisha kitu asichoweza kukiona kikitokea kwake.

Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba baadhi ya matoleo ya Linux yatatunzwa kwa miaka 6 badala ya 2, jambo zuri kwa simu. Mwaka 2023 wakatangaza kurudi kwenye miaka 2, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba walezi wamelemewa.

Uchovu huo una hatari yake. Programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux ya seva, ilikuwa ikitunzwa kwa muda mrefu na mtu mmoja tu, Lasse Collin wa Ufini. Alikuwa amesema wazi kwamba hali yake haimruhusu kufanya kazi nyingi. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akasaidia zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa na funguo. Kisha akaingiza mlango wa siri. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake kulichukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, na hakukubali kulipuuza. Mlango ulifungwa kabla haujasambaa kwenye mifumo mingi.

Sisi wa biashara ya pesa tunaitambua hiyo mbinu ya Jia Tan bila kuambiwa. Ni ileile ya mkora anayekupigia simu kwa sauti ya adabu, anajua jina lako, anakusaidia kwanza.

Angalia tarehe ya simu yako

Haya basi, tuje kwako. Fungua mipangilio ya simu, shuka hadi sehemu ya kuhusu simu, bonyeza toleo la Android. Utaona tarehe ya sasisho la usalama. Hiyo tarehe ndiyo muhimu kuliko namba ya toleo. Kama ni ya miezi michache iliyopita, uko vizuri. Kama ni ya miaka miwili au mitatu nyuma, simu yako haina viraka vyote vilivyotoka tangu siku hiyo, hata kama kioo bado kinang'aa.

Ukinunua simu iliyotumika, angalia tarehe hiyo dukani kabla ya kulipa, kama unavyoangalia betri. Wauzaji wengi hawategemei kuulizwa. Uliza.

Apdeti yenyewe ifanye kwa waifai kama unaweza kuipata, chuoni, kazini au kwa jirani mwenye roho nzuri, na betri iwe zaidi ya nusu. Usiizime katikati. Na usikubali fundi akuwekee mfumo kutoka faili aliyonayo kwenye kompyuta yake, hata kama ni fundi wenu wa siku zote, maana hujui faili ile ilitoka wapi.

Wenye kabambe mnaotumia huduma yetu kwa kupiga namba za nyota na reli: hamna Android, kwa hiyo Dirty COW na ndugu zake hawawahusu. Hitilafu zenu ni nyingine, na shida kubwa kwenu inabaki kuwa mtu kuchungulia PIN.

Ukituripoti, turipoti hivi

Sisi pia tuna mlundiko wetu. Ujumbe unaokuja kwa huduma kwa wateja mara nyingi huwa na maneno mawili: "Apu imegoma." Tunaamini imegoma. Lakini tukiwa na maneno hayo mawili, tutaanza kukuuliza maswali, utajibu kesho, na kesho kutwa bado hatujaanza kazi.

Linganisha na ripoti ya namna hii: "Jumanne saa mbili na robo usiku, nikiwa Manyatta. Simu ina Android 11, sasisho la usalama la 2022. Nilikuwa nalipa bili ya maji. Niliweka PIN, skrini ikawa nyeupe, apu ikajifunga. Nilijaribu tena kwa waifai, ikawa vilevile. Ujumbe wa uthibitisho haukuja, na salio halikupungua." Kwa ripoti kama hiyo fundi wetu anatafuta simu ya aina ileile, anafuata hatua zilezile, na mara nyingi tatizo linajitokeza mbele yake. Likiwa letu, tunalirekebisha. Likiwa la mfumo wa simu, tunalipeleka kwa wahusika tukiwa na ushahidi, na wewe tunakuambia hivyo badala ya kukuzungusha.

Ona sentensi ya mwisho ya ripoti ile. Skrini ikiganda katikati ya malipo, kabla ya kurudia angalia kwanza salio na taarifa fupi ya akaunti. Wengi hurudia mara tatu kwa hasira, kumbe malipo ya kwanza yalishapita, na karo imelipwa mara tatu. Kurudisha pesa hiyo kunawezekana, ila kunachukua muda, na shule haina haraka kama yako.

PIN usiitaje kamwe kwenye ripoti. Ukipiga picha ya skrini, ziba salio na namba za watu. Na tunajua ukikasirika ni rahisi kuandika malalamiko kwenye kundi la Facebook pamoja na namba yako. Wakora wanasoma makundi hayo kuliko sisi, na ndani ya dakika kumi utapigiwa na "huduma kwa wateja" ambayo si sisi. Ukishuku umeingiliwa kimtandao, kituo cha taifa cha KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kinapokea taarifa za matukio hayo.

Kwa wanafunzi wa kompyuta pale Nchiru kwenye Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Embu: vitabu viko wazi, tumeshasema. Si lazima uanze kwa kuandika kiraka. Kuchukua ripoti isiyoeleweka, kuijaribu kwenye simu ya bei nafuu ambayo fundi wa Ulaya hana, na kuandika hatua kwa hatua inavyotokea, ni kazi ambayo walezi wa programu huria wanaipokea kwa mikono miwili.

Na kama tarehe ya simu yako ni ya zamani na huna pesa ya kununua nyingine sasa hivi, fanya haya matatu leo. Futa kila apu uliyoipata kwa kiungo cha WhatsApp au tovuti ya pembeni, ukabaki na za Google Play tu. Punguza kiwango cha juu cha kutuma kwa siku. Wakala wetu au huduma kwa wateja watakuonyesha. Na akiba kubwa usiiache kwenye laini iliyo ndani ya simu hiyo: ihamishie kwenye akaunti ya akiba, ukibakiza ya matumizi ya wiki.